Dawa ya Kunyamazisha

Mvua ya mawe ilikuwa imepita alfajiri na kuyatoboa majani, na karani wa mizani alikuwa akipima vikapu bila kuinua macho. Zamu ya Drusilla ilipofika, alitundika kikapu chake kwenye ndoano akarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Ndipo sauti ikatoka kifuani mwake, upande wa kushoto, chini ya aproni ya plastiki. Ikasema, "Ongeza."

Karani alidhani ni nyapara. "Huyu amemaliza," alijibu. "Kikapu ndicho hiki."

"Ongeza," sauti ikarudia.

Nyapara alikuwa mbali, juu ya kilima, akiongea kwenye simu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimtazama Drusilla kifuani, kisha wakatazama mbele. Jirani yake Nyabate, ambaye nyumba zao kambini ziligawana ukuta mmoja, alimsogelea.

"Limeanza kusema?"

"Tangu juzi."

"Pole, Mama Maxine."

Karani akaita jina lingine na foleni ikasogea.

Katika mashamba ya chai yaliyo kati ya Roret na Kapkatet, donge la titi huanza kusema likikomaa. Mwanzoni hunong'ona, na mwenyewe hudhani ni tumbo. Baadaye hupaza sauti. Neno lake ni hilo hilo moja, iwe kwa Mkipsigis, Mjaluo au Mkisii. Donge la Jerusa, mdogo wake Drusilla, lilikuwa na sauti nzito kiasi kwamba watu walikuwa wakigonga ukuta wakidhani ni redio. Jerusa alikuwa akiwaomba radhi, halafu anajibana mto kifuani.

Jerusa alikuwa ameenda zahanati ya kampuni mara nyingi. Aliyekuwa akitibu pale aliitwa Clifford. Alikuwa mtu wa kwao, wazee wake walitoka ziwani kama wazee wa kina Drusilla, na aliimba besi katika kwaya ya kanisa lao. Clifford aliweka chombo chake cha kusikilizia kwenye titi la Jerusa, na donge likamwambia masikioni, "Ongeza." Akavua chombo, akakikunja vizuri.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Rudi kazini."

Alisema hivyo donge likiwa kama punje ya haragwe. Alisema hivyo likiwa kama yai. Alisema hivyo ngozi ilipopasuka, Jerusa akawa anabadilisha vitambaa katikati ya michai huku Drusilla amesimama kumkinga wanaume wasione. Siku watu walipompakia Jerusa kwenye pikapu ya maziwa na kumfikisha hospitali ya rufaa, madaktari walimpa dawa ya maumivu wakamshika mkono, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Walimzika kwao, karibu na ziwa. Clifford alikuja mazishini na suti ya kijivu, akaongoza wimbo. Watu wengine walifumba macho. Drusilla alimwangalia Clifford mdomo, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, jinsi ulivyofunguka na kufungika. Mumewe Obiero alimpa leso. Aliipokea akaishika tu, kavu.

Kwa hiyo donge la Drusilla lilipoanza kusema, hakwenda kwa Clifford. Aliomba nafasi kwenye lori la maziwa akaenda mwenyewe hospitali ya rufaa, bila ruhusa ya mtu.

Huko alimkuta Daktari Tecla Chepkurui, mwanamke mrefu mwenye sweta la kufumwa chini ya koti jeupe. Daktari Tecla hakuhitaji chombo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Linasema tangu lini?"

"Kabla ya mvua ya mawe."

"Limeshapita kwapani. Nalisikia huku pia." Alimgusa chini ya mkono. "Mama, kukata peke yake hakutatosha. Lakini kuna dawa tunaijaribu hapa. Nikueleze, halafu ukatae au ukubali."

Drusilla akamwambia aeleze.

"Ndani ya hilo donge kuna maagizo, yanaitwa jeni. Jeni moja imeharibika, haijui kunyamaza. Kila saa inatuma ujumbe: ongeza, ongeza. Chembe za mwili zikiusoma ujumbe, zinatii. Sasa, chukulia ni meneja aliye ofisini, anapiga simu shambani. Hii dawa haimuui meneja. Inabeba kipande kidogo chenye maneno yanayooana na ya ule ujumbe, herufi kwa herufi. Vikikutana vinang'ang'aniana, na ujumbe unakatwa kabla haujasomwa. Meneja anaongea na shamba halisikii."

"Maneno yakikosewa kidogo?"

"Hapo ndipo shida. Yakikosewa yatakata ujumbe mwingine usio na hatia. Ndiyo maana lazima yaoane sawasawa. Na ukimya wenyewe haudumu. Unaisha, inabidi uongezewe."

Drusilla alifikiri. Alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri. "Nimekubali," alisema.

Dawa ilikuwa maji meupe kwenye mfuko, yakishuka tone kwa tone mkononi. Wodi ile ilikuwa na kelele kama soko la Sotik, kila donge likisema neno lake, na wauguzi walikuwa wamezoea kupaza sauti ili wasikiane. Drusilla alitundikiwa mfuko akalala. Alipoamka, kifua chake kilikuwa kimya. Aliweka mkono pale akauacha muda mrefu. Halafu alikaa kitandani akala ugali wa hospitali wote na sukuma wiki yake, na akawaza juu ya Clifford.

Aliwaza juu yake wiki hiyo yote na nyingine zilizofuata, kila alipoenda kutundikiwa dawa na kila aliporudi. Hasira aliilea kama mtu anavyomlea ndama wa gredi wa maziwa: aliilisha asubuhi, akaitazama jioni, akaona inanenepa. Donge lake lilikuwa linasinyaa. Daktari Tecla alifurahi.

Mambo yenyewe yalianza bila mpango. Nyabate alihisi kitu kwenye titi lake, kidogo, kilichokuwa bado kinanong'ona, akaogopa kwenda zahanati peke yake. Drusilla akamsindikiza. Obiero naye akaja, kwa sababu ya kikohozi cha vumbi la kiwandani, wakakaa watatu kwenye benchi, mlango ukiwa wazi. Nyabate aliingia. Clifford akasikiliza, akavua chombo, akakikunja vizuri.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Rudi kazini."

Drusilla alikuwa ameyasema pamoja naye. Hakupaza sauti; midomo tu ilitembea, neno juu ya neno, kwa mwendo ule ule na mkato ule ule, maana aliyajua kama anavyojua Baba Yetu. Alihisi kitu cha baridi kikimtoka mkononi, pale sindano ilipokuwa ikiingia.

Clifford alifungua mdomo kuyarudia, kama alivyozoea kuwarudia wagumu wa kuelewa. Hakikutoka kitu. Akakohoa, akajaribu tena. Akasema, "Leo kuna baridi," ikatoka vizuri. Akasema, "Arsenal walicheza vibaya," ikatoka. Akarudi kwenye yale maneno mengine, mdomo ukatembea mtupu kama wa kambare nje ya maji.

Nyabate alikaa akisubiri. Clifford alimtazama, akatazama dari, na mwishowe akasema kitu pekee kilichokuwa kimebaki. "Nenda hospitali ya rufaa," alisema. "Nenda leo."

Njiani kurudi, Drusilla alimtangulia Obiero akitembea haraka, na Obiero akataka kumwita arudi amngoje. Neno halikutoka. Alijaribu mara kadhaa, halafu akasema, "Mama Maxine, hebu njoo huku." Tangu siku hiyo Obiero hakuweza tena kusema *rudi*. Alikuwa amekaa karibu mno. Drusilla alimwomba msamaha, naye akasema si kitu, kuna namna nyingi za kumwita mtu.

Kwa muda, mambo yalikuwa mazuri zahanati. Clifford aliwatuma hospitali wote waliokuja na madonge yanayosema, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuwanyima. Pikapu za maziwa zilijaa wanawake. Nyabate alikatwa donge lake likiwa bado dogo, akapona, akarudi na kovu na hamu ya kula. Wanawake walileta mayai nyumbani kwa Drusilla. Hakuna aliyemuuliza chochote. Walimwachia mayai mlangoni na kwenda zao.

Halafu kampuni ikamletea Clifford muhuri wa mpira. Uliandikwa HAKUNA KITU HAPA, na chini yake, kwa herufi ndogo, RUDI KAZINI. Wino ulikuwa wa zambarau. Clifford akawa anawapiga muhuri kwenye kadi, anawaonyesha mlango kwa kidole. Foleni ikaenda kasi kuliko zamani.

Siku Drusilla aliposikia habari za muhuri, donge lake lilinong'ona.

Daktari Tecla aliinamisha kichwa akasikiliza. "Ukimya umepungua," alisema. "Haukupaswa kupungua hivi. Umemgawia mtu?"

"Kidogo."

"Nani?"

"Daktari wa kampuni. Na mume wangu, lakini huyo ni bahati mbaya."

Daktari Tecla alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Ile ni yako peke yako, mama. Imepimwa kwa mwili wako. Ukiwagawia watu, wewe unabaki na nini?"

"Ninabaki na kuwaona wakifungua mdomo."

Daktari hakucheka. Alimwambia jambo lingine, ambalo alikuwa ameambiwa asubuhi hiyo na alikuwa bado hajajua pa kuliweka. Wenye dawa, huko ng'ambo, walikuwa wameamua kufunga utafiti. Matokeo yalikuwa mazuri, ila walikuwa wamepata ugonjwa mwingine ulio na wagonjwa wa karibu na wao. Mfuko aliokuwa anautundika siku hiyo ulikuwa wa mwisho.

"Ukiutunza utakubeba mbali," alisema. "Pengine umwone Maxine akimaliza chuo, umwone na watoto wake. Tunaweza kukata kilichobaki kikiwa kimelala. Lakini usigawe hata tone. Tafadhali, mama. Nakuomba."

"Nimesikia, daktari."

"Kusikia si kukubali."

"Nimesikia," Drusilla alisema tena.

Alirudi kambini akiwa na nia ya kutunza. Hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walidai hakuwa nayo. Alikwenda kanisani, alipanda viazi na Obiero nyuma ya nyumba, alimpigia Maxine simu chuoni akamuuliza kama anakula. Kifua chake kilikuwa kimya, na wakati mwingine alipita nusu ya siku bila kumkumbuka Clifford.

Clifford mwenyewe ndiye aliyemfuata. Alimkuta baada ya ibada, nje karibu na tanki la maji, kofia mkononi.

"Dada Drusilla, mimi najua ni wewe," alisema. "Sikulaumu. Lakini ulimkamata mtu ambaye siye. Mimi ni mdomo tu. Yale maneno nilipewa."

"Na nani?"

"Na Meneja. Alituita ofisini msimu wa majani mengi. Alisema mwanamke akianza kutafuta ugonjwa ataupata, na kila anayeenda mjini ni kikapu kimoja hakikujaa. Akatufundisha cha kusema. Akatufanya tukariri kama watoto wa nasari."

"Jerusa alikuwa amekuja kwako wakati huo?"

"Alikuwa amekaa nje, kwenye benchi."

Drusilla alimtazama mdomo, ule ule wa mazishini.

"Ungeweza kumwambia pembeni," alisema. "Nyaminwa, mdogo wangu yule, alikuwa anakuamini. Ungemwambia hata kwa Kijaluo, nani angejua?"

Clifford aliigeuza kofia mikononi. Alikuwa na majibu, na yote yalikuwa na neno *kazi* ndani yake, na neno hilo lilikuwa miongoni mwa yale aliyonyimwa. Akasimama pale mdomo wazi. Drusilla akamwacha hivyo, akaenda kumtafuta Obiero. Ilikuwa imemfurahisha, lakini haikumshibisha. Nyama yenyewe ilikuwa kwa Meneja.

Meneja aliitwa Eliakim. Alikuwa mtu mpole wa kuonekana, mwenye mama mzee huko upande wa Sotik aliyekuwa akimtembelea kila Jumapili, na kila Oktoba aliongoza Siku ya Utepe wa Waridi, ya kuwahimiza wanawake wapimwe matiti. Wachumaji walipewa fulana za rangi ya waridi na soda, wakakalishwa uwanja wa kandanda mbele ya hema. Meneja alivaa tai ya waridi. Hotuba yake ilikuwa ile ile kila mwaka, kwa kuwa ilikuwa imependwa mwaka wa kwanza. Drusilla, aliyezaliwa kambini na kuchuma tangu usichana, alikuwa ameisikiliza tangu Meneja alipoletwa pale akiwa na nywele nyeusi.

Asubuhi ya siku hiyo Obiero alimwona akivaa fulana. Aliona jinsi alivyofunga kilemba, akaelewa. Alisimama mlangoni.

"Usiende," alisema. "Maxine anakuja Desemba."

"Ninaenda kukaa tu na wenzangu."

"Mama Maxine, mimi nimeolewa na nani nikibaki?" Alikuwa amekosea neno kwa uchungu, na hakuna aliyecheka. Alimshika mkono, ule wa sindano, akaushika kama kitu kinachoweza kumwagika. Drusilla alimwacha aushike mpaka alipoachia mwenyewe. Kisha akatoka. Obiero alitaka kumwambia arudi. Alisimama akitafuta neno lingine lenye maana hiyo, na wakati analipata, mkewe alikuwa ameshapita kisima.

Drusilla alikaa safu ya mbele, karibu na spika. Ukungu ulikuwa umeinuka, na jua lilikuwa kwenye michai yote mpaka msituni. Mchungaji aliomba. Clifford alikaa hemani, ameangalia viatu vyake. Kisha Meneja akasimama, akagonga kipaza sauti kwa kidole.

"Mama zetu," alianza.

Midomo ya Drusilla ilianza naye. *Mama zetu.* Baridi ikamtoka mkononi. Meneja akafika *wafanyakazi wapendwa*, naye akafika hapo hapo. Alijua anapovuta pumzi. Alijua anapotabasamu, na tabasamu hilo aliliweka pia. Kila neno lilipotoka kwa Meneja, lilikutana na mwenzake njiani na kukatwa, na kutoka *kampuni yenu* kwenda mbele, spika zilitoa upepo tu.

Meneja hakujua mwanzoni. Aliendelea, kwa kuwa alikuwa ameizoea hotuba hata haisikilizi tena. Alifika mahali pa kuweka mkono kifuani, akauweka. Alifika penye mzaha, akangoja kicheko, na watu wakacheka, kwa sababu walijua penye mzaha. Mtu wa mitambo alicheza na nyaya. Drusilla hakuruka hata neno moja. Alitamani kuitoa dawa polepole, lakini ilibidi aende na mwendo wa Meneja. *Tunawajali. Afya yako kwanza. Usiogope kusema.* Hapo, kwenye *usiogope kusema*, alimwona Meneja akishika koo. Macho yao yalikutana. Meneja aliona midomo ya mwanamke wa safu ya mbele ikitembea na yake, na akajua, na hakuweza kukoma, kwa kuwa hotuba iliyokaririwa hujimaliza yenyewe. Jasho lilimshuka kwenye tai. Drusilla alimpeleka mpaka mwisho, mpaka *Mungu awabariki*, akamnyang'anya na hilo.

Watu wakapiga makofi, kama kila mwaka. Soda zikafunguliwa.

Chini ya fulana ya waridi, donge la Drusilla likasema kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, "Ongeza." Nyabate, aliyekuwa safu ya pili, alilisikia akaweka soda yake chini.

Kampuni haikupata shida kubwa. Meneja aliendelea na cheo chake. Alikuwa na maneno ya kutosha yaliyobaki: aliweza kutaja uzito, hali ya hewa, mbolea, na mihuri ilikuwa mingi ofisini. Walimwajiri msichana mwenye sauti nzuri wa kusoma hotuba, na wageni walisema ni bora kuliko zamani. Clifford aliletewa muhuri mpya, ule wa kwanza ulipoisha meno.

Drusilla alilazwa kabla ya Krismasi. Maxine alikuja moja kwa moja kutoka chuoni na begi lake, akakaa kwenye kiti cha plastiki akimsuka nywele mama yake. Daktari Tecla alipita kila asubuhi, hakumgombeza. Alimletea chai ya chupa kutoka kwake, yenye maziwa mengi.

Mgeni aliyemfurahisha Drusilla kuliko wote alikuwa Phelix, dereva wa Meneja, ambaye alileta ndizi na habari.

"Jumapili nilimpeleka Sotik kwa mama yake," Phelix alisema. "Mama macho hayaoni tena, siku hizi anamjua mtu kwa jinsi anavyomwita. Tumefika, mzee amesimama hapo mlangoni, anataka kusema *mama*. Haitoki. Anataka kujitaja ni mtoto wake, inakuja nusu. Mama anauliza, ni nani? Ni nani hapo?"

"Halafu?" Drusilla alijiinua kwa kiwiko. Donge lake lilikuwa linapiga kelele sasa, ikabidi apaze sauti. "Alifanya nini?"

"Akamwambia mbolea imefika. Ndiyo ilitoka."

"Na mama?"

"Akasema hapa hatununui mbolea. Akafunga mlango."

Drusilla alicheka mpaka Maxine akamshika mgongo. Aliomba asimuliwe tena, kuanzia pale mlangoni, na Phelix akasimulia tena. Alitaka kujua kama mlango ulikuwa wa mbao au wa bati, na kama Meneja alibisha mara ya pili, na alikaa muda gani ndani ya gari kabla ya kusema waondoke. Phelix alikumbuka yote. Rangi ilimrudia Drusilla usoni kidogo. Alikula ndizi nzima.

Alasiri muuguzi alileta mgonjwa mpya, mchumaji msichana ambaye Drusilla hakumjua, wa kambi ya ng'ambo ya mto, amekuja kwa miguu yake na kitambaa kilicholowa kifuani. Vitanda vilikuwa vimejaa. Kadi yake ilikuwa na muhuri wa zambarau, juu ya muhuri mwingine, juu ya mwingine. Muuguzi alizunguka wodi kwa macho.

Drusilla akasogea ukutani, msichana apate pa kulala.